Kubadilisha Paa Bila Kuacha Msumari Uani: Mwongozo wa Usafi wa Eneo la Kazi

Paa la mabati la nyumba ya kawaida, ya mita 10 kwa 8 hivi, hushikiliwa na misumari 700 hadi 900. Fundi anapolishusha, kila msumari huenda mahali. Mmoja huingia kwenye kopo, mwingine huzama kwenye majani, mwingine hulala juu ya dari, mwingine hupatikana wiki tatu baadaye kwenye tairi la boda boda au kwenye kisigino cha mtoto. Wengi hufikiria usafi siku ya mwisho, fundi akiwa ameshakusanya nyundo zake na akili yake imeshafika kwenye kazi nyingine. Siku hiyo umechelewa. Usafi wa paa hufanywa kabla bati la kwanza halijang'olewa, kwa kuamua kila kitakachoshuka kitatua wapi.

Mfano wetu ni hiyo nyumba ya mita 10 kwa 8, yenye paa la mita za mraba 110 hivi pamoja na vipenu, na mabati kama 55 ya mita 3. Yako ikiwa kubwa au ndogo, panda au shuka kwa uwiano.

1. Kubalianeni kabla ya ngazi kusimama

Ugomvi mwingi wa paa ni juu ya mabati ya zamani kuliko yale mapya. Mafundi wengi huchukulia kuwa mali chakavu ni haki yao, na mwenye nyumba ameshamwahidi shemeji yake wa banda la kuku. Andikeni kwenye karatasi ileile ya bei: mabati ya zamani ni ya nani, mbao ni za nani, nani anakodi gari la taka, na nani anaokota misumari. "Usafi umo" haitoshi. Andika "misumari inaokotwa kila jioni kabla ya malipo ya siku". Vibarua wanaolipwa kwa siku, wale wanaoitwa poota, wahesabiwe saa ya mwisho kama saa ya kazi, la sivyo wataondoka saa kumi na moja kamili. Zuia asilimia 10 ya malipo ya fundi mpaka ukaguzi wa mwisho, na mwambie mapema ili isionekane umemgeuka.

Chagua wakati pia. Hapa Uganda, Kampala na maeneo mengi ya kati na kusini hupata mvua kubwa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ilhali kaskazini mvua hutanda katikati ya mwaka. Uchafu uliolowa ni mzito mara mbili, na matope humeza misumari.

2. Jua unachokishusha

Bati ni rahisi. Vigae vya udongo ni habari nyingine: mita moja ya mraba hubeba kilo 40 au zaidi, kwa hiyo paa letu la mfano ni tani 4 na ushee. Usivirundike vyote upande mmoja wa dari wala juu ya baraza, na usiagize gari dogo ukidhani safari moja itatosha.

La kuogopa ni asbesto. Bado ipo kwenye nyumba za zamani za watumishi wa serikali, za reli, za shule na za misheni. Ni bamba la kijivu lenye mawimbi, nene kama milimita 6, ambalo ukiligonga halilii kama bati bali hutoa sauti butu kama sahani ya udongo, na mara nyingi limeota kuvu. Kuna mabamba mapya ya saruji yasiyo na asbesto yanayofanana nalo, ila kwa macho huwezi kutofautisha. Kama nyumba ni ya zamani, lichukulie kuwa asbesto. Nyuzi zake hazionekani, hukaa mapafuni, na ugonjwa hujitokeza miaka mingi baadaye, ndiyo maana kibarua atakuambia amelivunja mara kumi na hajaugua.

Likiwa asbesto, simamisha kazi uwasiliane na ofisi ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, au ofisa mazingira wa wilaya uulize nani anaruhusiwa kulishusha na litazikwa wapi. Kanuni za kazi yenyewe hazibadiliki: lilowanishwe kwanza, lisivunjwe, lisikatwe kwa mashine, lisitupwe chini, lisifagiliwe kavu. Mabamba hushushwa mazima kwa mikono, hufungwa kwa plastiki nene tabaka mbili na kuandikwa kilichomo. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii nyuzi hizo. Inatakiwa ile ya kiwango cha FFP3, inayokaza usoni pande zote. Na kamwe usilihamishie kwenye banda la nguruwe.

3. Andaa uwanja

Fyeka majani kuzunguka nyumba yabaki kama sentimita 5, upana wa mita 4 kutoka ukutani. Hii ndiyo kazi inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa muda zaidi, kwa sababu msumari ulioanguka kwenye majani marefu haupatikani hata kwa sumaku. Majani hayo yaondoe kabisa. Kama una ng'ombe wa zizini, majani yatakayofyekwa eneo hilo miezi kadhaa baada ya kazi yasiende kwenye hori. Ng'ombe hachagui chuma anapokula. Msumari hushukia kwenye tumbo la pili, hutoboa kuelekea moyo, na unampoteza.

Tandaza maturubai matatu ya mita 4 kwa 6 chini ya upande unaofanyiwa kazi, yapishane sentimita 30, kisha uyahamishe kadiri kazi inavyosonga. Mboga na maua yafunike kwa gunia badala ya plastiki, maana plastiki juani itayapika. Gari, pikipiki, kamba ya nguo, kuku na watoto vyote viwe nje ya zile mita 4, na funga kamba ili mgeni ajue.

Sasa tangi. Kabla ya kitu chochote kuguswa, chomoa bomba linaloleta maji ya mvua kutoka kwenye gata na uzibe mdomo wa tangi kwa plastiki iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Wakati wa kung'oa, kutu, kinyesi cha ndege na vumbi la miaka 20 vyote huteremkia kwenye gata, na mvua ya dakika kumi alasiri inatosha kuvipeleka kwenye maji mnayokunywa.

Kama waya wa umeme kutoka kwenye nguzo umefungwa kwenye ubao wa paa, hauguswi na fundi wa mabati. Ita wahusika wauhamishe. Tangu Aprili 2025, kampuni iliyoitwa Umeme ilipoondoka, hao ni UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme.

Mwisho, tenga sehemu nne na uzitie alama kwa mti au jiwe: mabati ya kutumika tena, mabati chakavu, mbao, na taka. Kila poota aoneshwe. Kitu kikishuka bila kujua kinakwenda wapi kitawekwa mlangoni, na kitahamishwa mara tatu.

4. Kushusha bila kutupa

Bati linalotupwa kutoka juu huruka na upepo kama karata, na ukingo wake hukata kama kisu. Egemeza miti miwili mirefu ya mkaratusi kwenye ukuta, umbali wa nusu mita kati yake, na uteleze bati moja moja juu yake. Mtu mmoja yuko juu, mwingine chini amevaa glavu za ngozi. Bati lililochanika, pindia ndani sehemu yenye meno kabla ya kulibeba.

Panga rundo ncha zikiwa upande wa ukuta, juu yake weka magunia mawili ya mchanga. Rundo lisilo na uzito juu ni hatari jioni upepo wa mvua unapokuja. Usiliache kwenye bustani zaidi ya siku mbili, maana nyasi chini yake huungua.

Fungua tu sehemu ya paa unayoweza kuifunga siku hiyohiyo. Nyumba ikilowa ndani, usafi wako unahamia sebuleni.

Chakavu huuzwa kwa kilo, na hapa hesabu kidogo inakufaa. Bati la geji 30 la mita 3 lina uzito wa kilo 6 hadi 7, kwa hiyo mabati 55 ni kati ya kilo 330 na 385. Yaliyoliwa na kutu hupungua. Mnunuzi akija na mizani inayosoma kilo 200, mwombe apime kitu unachokijua uzito wake, kwa mfano mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa.

5. Misumari

Kila anayeng'oa awe na kopo lililofungwa kiunoni. Kopo la rangi la lita 1 lenye mshikio wa waya linafaa; la plastiki lililokatwa kutoka kwenye jerikani linafaa zaidi kwa sababu halikwaruzi bati. Msumari ukitoka unaingia kopo, kopo likijaa linamiminwa kwenye debe lenye mfuniko. Kwa mabati 55, kila moja na misumari kama 14, unatarajia kama 770. Huna haja ya kuihesabu yote. Hesabu 50, ipime, kisha pima debe zima. Ukipata uzito wa misumari 500 jioni ya mwisho, ujue mingine iko uani, na sasa unajua ni mingi kiasi gani.

Kung'oa kwenyewe: weka kipande cha ubao chini ya kichwa cha nyundo ili usibonyeze bati na msumari utoke umenyooka badala ya kuruka. Kichwa kilichooza kikikatika, shina hubaki limesimama kwenye papi, ule ubao unaopigiliwa bati. Lichomoe kwa koleo au ulipigilie lizame kabisa. Shina lililobaki nusu sentimita juu ya ubao litatoboa bati jipya kutoka chini, na utamlaumu muuza mabati kwa uvujaji wa fundi. Pitisha kiganja chenye glavu juu ya kila papi kabla ya bati jipya kulala.

Sumaku si lazima ununue. Spika iliyoungua, ile kubwa ya redio, ina sumaku nzito ya duara. Itoe, ifunge kwenye ncha ya mti wa mita 1.2, uifunike kwa kavera, yaani mfuko wa plastiki. Ikijaa, unavua kavera juu ya debe na misumari inaanguka yenyewe. Bila kavera utakaa unabandua mmoja mmoja.

Ipitishe sentimita 2 au 3 juu ya ardhi, taratibu, kwa mistari isiyozidi upana wa sumaku. Maliza upande mmoja kwa urefu, kisha rudia kwa upana. Anza pale miti ya kuteleza ilipoegemea, chini ya matone ya paa, kuzunguka ngazi, na njia ya kutoka hadi lango, kwa sababu misumari husafiri kwenye soli za viatu na matairi ya wilbaro. Changarawe ikwangue kwanza kwa reki. Fanya hivi kila jioni. Kati ya saa kumi na moja na kumi na mbili jua limelala, na msumari hutupa kivuli kirefu au humeta. Gizani, weka tochi chini sambamba na ardhi, utaona vilevile.

Sumaku haishiki kila kitu. Riveti za alumini, pete za mpira na vipande vya madini ya risasi vilivyozibia bomba la moshi huokotwa kwa mkono. Risasi iweke pembeni mbali na watoto na kuku.

Anayechomwa na msumari asioshe kwa maji tu akaendelea. Kidonda cha msumari ni chembamba na kina kina, na pepopunda hupenda mahali kama hapo. Aende kituo cha afya siku hiyo wamwulize chanjo yake ya mwisho ilikuwa lini.

6. Siku ya dari

Kati ya kung'oa bati la zamani na kulaza jipya kuna saa chache ambazo dari liko wazi, lina mwanga, na unaweza kusimama wima. Saa hizo hazirudi. Baada ya hapo kusafisha dari ni kutambaa kwa tochi kupitia tundu la sentimita 60.

Utakuta viota, nyaya zilizokufa, vipande vya bati, misumari, na mara nyingi tabaka la kinyesi cha popo. Kinyesi hicho kikiwa kikavu kinaweza kubeba vijimelea vya kuvu vinavyoshambulia mapafu, kwa hiyo usikifagie kikavu. Kinyunyizie maji yenye sabuni kwa pampu ya dawa ya shamba iliyosafishwa vizuri, kilowe bila kuchuruzika, maana dari la mbao laini au jipsamu likinywa maji litavimba na kuning'inia. Kisha chota kwa beleshi pana, weka kwenye gunia hadi nusu tu. Gunia lililojaa mtu atalibwaga.

Kanyaga juu ya mbao zinazobeba dari, au laza ubao mpana wa mita 2 juu yake. Vyumba vya chini viwe vimefunikwa, vitanda na meza, kabla ya mtu yeyote kupanda.

7. Vumbi la chuma, adui wa bati jipya

Mabati ya rangi yakikatwa kwa greinda, cheche zake ni chembe za chuma cha moto. Zinazotua kwenye bati jirani huunguza rangi na kuganda hapo. Umande wa usiku mmoja unatosha kuzigeuza kutu, na wiki mbili baadaye mwenye nyumba anaona madoa ya kahawia akidhani kauziwa bati bovu. Kata kwa mkasi wa bati, au mashine ya kuguguna bati (nibla), na ukate chini juu ya turubai. Kama greinda haikwepeki, iwe mbali na rundo la mabati mapya, upande ambako upepo unakwenda.

Kila jioni fagia paa kwa ufagio laini kutoka juu kushuka, pamoja na chembe za drili kuzunguka kila skrubu. Usitumie ufagio wa chelewa mgumu, unakwaruza. Usiache misumari ya zamani, nyaya za shaba wala sarafu juu ya bati. Kwa mabati yenye mchanganyiko wa alumini na zinki usichore kwa penseli, bali tumia kalamu ya rangi, kwa sababu grafiti, ule weusi wa penseli, huacha mstari wa kutu palepale ulipochorwa.

Mabati mapya yanayosubiri yasilale bapa chini. Yainue juu ya mbao, upande mmoja juu kidogo maji yateremke. Maji yakibanwa kati ya mabati mawili hutoa unga mweupe, na unga huo ni zinki yako inayoondoka.

8. Kila kitu na mwisho wake

Mbao ziondolewe misumari kabla ya kuondoka uani, au angalau ipigwe ilale. Zile za zamani zisizotiwa dawa zinafaa kwa kuni. Zenye rangi ya kijani kibichi mara nyingi zimetiwa dawa yenye aseniki na shaba, na hizo hazichomwi, si uani wala kwenye sigiri. Sumu hubaki kwenye majivu na nyingine huingia kwenye moshi. Unga wa msumeno wake pia usiutandike kwa kuku.

Vigae vizima vina wanunuzi. Vilivyovunjika hujaza mashimo ya njia ya gari vizuri kuliko udongo.

Taka zilizobaki ziulizie kabla ya gari kuja. Gari linalozoa takataka za nyumbani kila wiki mara nyingi halipokei vifusi, na tangu jalala la Kiteezi lilipoporomoka Agosti 2024 na kuua watu, swali la taka za Kampala zinaishia wapi si la adabu tena, ni la lazima. Mwenye tipa akikutajia bei ya chini sana, mwulize anamwaga wapi. Jibu likiwa kinamasi cha Lubigi au mtaro wowote, tafuta mwingine. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 inamhusu anayemwaga, na kifusi chenye rangi ya ukuta wako mtaani hakikosi shahidi. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, ajulishwe gari litasimama wapi na kwa muda gani, hasa njia ikiwa nyembamba.

9. Ukaguzi, na mvua mbili za kwanza

Zungukeni pamoja na fundi, mchana, yeye akiwa na ngazi na wewe na sumaku. Gata lichunguzwe kwa mkono urefu wote. Humo ndimo skrubu na vipande hujificha, vikaota kutu na kutoboa gata kutoka ndani. Mwaga ndoo mbili za maji kila ncha uone yanatokea wapi.

Usirudishe bomba la tangi bado. Milimita 1 ya mvua kwenye paa la mita za mraba 110 ni lita 110 za maji, na mvua kubwa mbili za mwanzo ndizo huosha mafuta ya kiwandani, gundi na vumbi lililobaki. Yaache yote yaende shambani. Baada ya mvua ya kwanza pitisha sumaku tena mara moja, kwa sababu maji huosha udongo juu ya misumari iliyozama, na usishangae ukiokota 20. Baada ya mvua ya pili kinga maji kwenye beseni jeupe: yakiwa maangavu na bila harufu, fungua mdomo wa tangi, rudisha bomba, umlipe fundi asilimia 10 yake.